Siku Dunia Iliposimama, Mugango Ilikuwa Wapi?

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Mugango nikiwa na filamu mbili zenye jina moja: The Day the Earth Stood Still. Ya kwanza ni ya mwaka 1951, nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na Robert Wise. Ya pili, iliyoongozwa na Scott Derrickson huku Keanu Reeves akiwa mwigizaji mkuu, ilitoka mwaka 2008. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amenibishia darasani kwamba hii mpya ni bora kwetu Waafrika kwa kuwa inazungumzia mazingira, ilhali ile ya zamani inahusu Vita Baridi vya wakubwa. Sikumjibu siku ile, kwa sababu sikuwa na uhakika.

Katika filamu ya 1951, mgeni kutoka sayari nyingine, Klaatu, anatua Washington pamoja na roboti aitwaye Gort. Askari anampiga risasi kabla hajamaliza salamu. Anaomba kuzungumza na wawakilishi wa mataifa yote kwa pamoja, nao wanashindwa hata kukubaliana wakutanie wapi. Ili asikilizwe, anazima umeme wa dunia nzima kwa nusu saa, lakini anazinusuru hospitali na ndege zilizoko angani. Mwishoni anatoa onyo: mkiupeleka ugomvi wenu wa silaha za nyuklia nje ya sayari yenu, mtaangamizwa.

Tuliitazama sebuleni kwa baba mkubwa, ambaye mwaka 1951 alikuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe papo hapo Mugango. Nilikuwa nikimfasiria. Umeme ulipozimwa, magari na viwanda vikasimama, akanigeukia na kuuliza: "Mwanangu, na huku kwetu alizima nini?"

Nimekuwa nikifundisha historia kwa miaka mingi, na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Kijijini kulikuwa na vibatari, mitumbwi ya makasia, na labda gari moja la wamisionari Wamenoni. Dunia ilisimama na Mugango isingejua. Vilevile, wawakilishi wa mataifa yote wangekutana, kiti chetu kingekaliwa na Mwingereza, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo kijana wa Butiama, jirani zetu, alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini kuwasemea watu ambao katika filamu ile hawapo kabisa.

Hata hivyo, hoja ya filamu ya zamani ni ya kisiasa, na hiyo ndiyo nguvu yake. Inawataja wenye kosa: serikali zenye silaha. Hoja hiyohiyo ilitoka kwetu baadaye. Mei 1984 viongozi wa nchi sita, Tanzania ikiwamo pamoja na India, Mexico, Argentina, Sweden na Ugiriki, waliyataka mataifa ya nyuklia yasitishe mashindano yao. Hawakuwa na Gort wa kuwatisha nao. Mwanafunzi wangu hakukosea tu kuhusu filamu. Vita Baridi vilituhusu, na mwana wa Mara alikuwa miongoni mwa waliosema hivyo.

(Gort mwenyewe simwamini. Amani inayolindwa na mashine isiyoweza kuhojiwa, iliyoletwa na wageni kwa faida yetu, ni jambo ambalo babu zetu walilifahamu bila kwenda sinema.)

Filamu ya 2008 imebadili kosa. Klaatu sasa anatua New York, akija kuiokoa Dunia dhidi ya binadamu. Viumbe wengine wanakusanywa kama katika safina ya Nuhu, kisha Gort anageuka kundi la vidudu vya chuma vinavyotafuna kila kitu. Picha zake ni za kuvutia, na vijana waliojaa sebuleni hawakupepesa macho. Lakini mshtakiwa ni nani? Binadamu. Sote, kwa kiwango kimoja.

Hapo ndipo ninapokataa. Anayetoka Mugango anajua jinsi ziwa lilivyoharibika. Sangara hakuogelea mwenyewe kuja Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960 kwa uamuzi uliofanywa mbali na wavuvi. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu wa aina nyingi, na baadaye minofu yake ikasafirishwa Ulaya kutoka viwanda vya Mwanza na Musoma. Wavuvi wetu nao wametumia nyavu haramu, sikatai. Lakini ukiwaweka kizimba kimoja na walioamua na walionufaika, umeifuta historia, na ukishaifuta hubaki na kitu cha kudai kwa yeyote.

Tena, katika filamu mpya Klaatu anaomba kuzungumza na Umoja wa Mataifa, Waziri wa Ulinzi wa Marekani anamkatalia, na jambo linaishia hapo. Mwaka ule wa 2008 Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikuwa Mtanzania, Dkt. Asha-Rose Migiro. Sasa kiti tulikuwa nacho, ila filamu haikutaka mkutano tena. Klaatu anabadili nia kwa kumwona mama na mtoto wakilia kaburini. Machozi ni jambo zito, lakini mkataba hauandikwi kwa machozi.

Mwishoni umeme unazimwa duniani kote, na safari hii hatuambiwi kwamba kuna hospitali iliyonusuriwa. Leo Mugango ingejua. Maji ya mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama yanavutwa kutoka ziwani kwa pampu za umeme.

Baba mkubwa alikuwa amesinzia kabla filamu ya pili haijaisha. Asubuhi, tukinywa uji, akaniuliza kama yule mgeni aliurudisha umeme. Nikamwambia filamu haisemi.

"Ile ya kwanza aliurudisha," akasema.