Waliotangulia na Wanaofuata: Historia Fupi ya Kuwategemeza Waseminari



Juma hili mafrateri wetu wawili wamerejea seminarini baada ya likizo. Baada ya Misa ya Dominika niliwaona wakiagana na watu pale uwanjani, nikaona jinsi mikono mingi ilivyowapungia na jinsi ilivyokuwa michache iliyowashika. Sisemi kwamba hatuwapendi. Siku mmoja wao atakapopewa daraja takatifu ya upadre, kigango chake kitaunda kamati, vitenge vya sare vitashonwa, na ng'ombe hawatapona. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna miaka mingi ya kimya. Napenda leo tuwakumbuke watu walioijali miaka hiyo ya kimya.

Mwaka 1889, katika mji wa Caen nchini Ufaransa, mjane aitwaye Stéphanie Bigard na binti yake Jeanne walipokea barua kutoka Japani. Mama huyu na bintiye walikuwa na desturi ya kushona mavazi ya ibada na kuyapeleka misioni. Aliyewaandikia alikuwa Askofu Jules-Alphonse Cousin, mmisionari Mfaransa aliyekuwa Nagasaki, mahali ambapo Wakristo walikuwa wameitunza imani kwa siri zaidi ya miaka 200 bila padre hata mmoja. Askofu aliwaeleza kwamba vijana wenye wito anao, ila hana fedha za kuwasomesha, na kwamba itambidi awakatalie wengine. Tuyapime maneno hayo vizuri. Watu walikosa mapadre kwa karne mbili, na sasa kwa kuwa mapadre wangeweza kupatikana, kikwazo kimekuwa chakula na vitabu!

Wanawake hao hawakungoja kuunda kamati. Waliuza vitu vyao, wakahamia katika makao duni, wakaanza kuwaomba watu wengine wamchukue kila mmoja mseminari wake wa kumtegemeza kwa sala na kwa sadaka. Ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo Papa Pius XI alilifanya kuwa la Kipapa mwaka 1922. Jeanne mwenyewe hakuonja sana furaha ya kazi yake. Mama yake alifariki mwaka 1903, na baadaye yeye akapatwa na ugonjwa wa akili uliomwandama hadi kifo chake mwaka 1934. Mapadre wengi wa nchi zetu, nami nikiwa mmoja wao, tumekula ugali na maharage yaliyolipiwa kwa sehemu na sadaka za shirika hilo, bila kulijua jina la Jeanne. Mimi nililijua nikiwa tayari mwaka wa tatu wa teolojia, nikaona aibu.

Hata hivyo, fedha ya mbali ina mpaka wake. Inaweza kununua godoro na kamusi ya Kilatini, lakini haiwezi kumwambia kijana, "Njia hii mimi nimeipita, hata pale unapoogopa." Kwa neno hilo anahitajika mtu aliyepita.

Hapa kwetu watu hao hawakuwapo mwanzoni. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walipoanza kulea vijana wa Uganda, kijana aliingia seminari bila kumwona Mwafrika mwenzake hata mmoja aliyefika mwisho. Wazazi waliuliza ni mtoto gani huyu asiyeoa, asiyelima, na masomo yake hayaishi. Wengi waliingia na wengi walitoka. Baada ya miaka ipatayo ishirini ya malezi, tarehe 29 Juni 1913, Askofu Henri Streicher aliwapadrisha wawili tu huko Villa Maria: Basil Lumu na Victor Mukasa. Upande wetu, seminari ya Rubya, huko Bukoba, ilianzishwa mwaka 1904, na mapadre wanne wa kwanza wazalendo wa Tanganyika walipatikana mwaka 1917. Nadhani thamani ya hao wa kwanza haikuwa katika Misa walizoadhimisha tu. Waliobaki madarasani sasa waliweza kuwanyoshea kidole na kusema: kumbe inawezekana.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Joseph Kiwanuka. Alisoma seminari kuu ya Katigondo, akapadrishwa mwaka 1929, akapelekwa Roma, akapata udaktari wa sheria za Kanisa. Msomi wa namna hiyo angeweza kutafutiwa ofisi ya heshima. Yeye alirudishwa Katigondo kufundisha, katika madarasa yale yale aliyoketi akiwa mwanafunzi. Mwaka 1939 Papa Pius XII alimweka wakfu kuwa Askofu, na huko Masaka aliendelea kuwapeleka mapadre wake masomoni ng'ambo, kama yeye alivyopelekwa. Katigondo hiyo hiyo ilimlea pia kijana wa Kihaya kutoka Rubya, Laurean Rugambwa, aliyepadrishwa mwaka 1943 na kufanywa Kardinali mwaka 1960. Msururu huu haukujitokeza wenyewe. Kila mmoja alimkuta mtu aliyetangulia.

Sasa nigusie kundi ambalo hatupendi kulitaja. Waliopita seminari wakawa mapadre ni wachache kuliko waliopita wakatoka. Kati ya hao wamo walimu, waganga, mahakimu na viongozi wa nchi. Rais wa zamani Benjamin Mkapa alisoma Kigonsera, na Waziri Mkuu wa zamani Mizengo Pinda alisoma Kaengesa, zote zikiwa seminari. Lakini vijijini mwetu aliyetoka huitwa "aliyeshindwa", naye hujitenga na parokia kana kwamba ameiba. Ni hasara kubwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya malezi ya mapadre ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba kuikuza miito ni wajibu wa jumuiya nzima ya Wakristo. Je, katika jumuiya hiyo, nani amfahamuye frateri kuliko mtu aliyelala bweni moja na wenzake, akaamshwa na kengele ile ile alfajiri?

Nawaambieni ninalolijua. Baba yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili wa falsafa. Nilirudi nyumbani kwa maziko nikiwa nimekwisha kuamua kutorudi seminari, kwa maana mimi ndimi mtoto wa kwanza na wadogo zangu walikuwa shuleni. Kijijini kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka seminari miaka mingi kabla yangu, na watu walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka. Usiku alikuja akaketi nami nje. Hakunihubiria.

"Frateri, unasali?" aliniuliza.

"Siwezi, Mwalimu."

"Basi mimi nitasali. Wewe kaa tu."

Akasali Zaburi za usiku kwa moyo, zote, bila kitabu. Nilishangaa kwamba bado anazikumbuka. Asubuhi alinipa bahasha yenye nauli, akaniambia kwamba nikitaka kuacha niache kwa sababu nimeona siitwi, wala si kwa sababu ya ada za wadogo zangu, hizo yeye atazungumza na wajomba. Tangu hapo kila muhula barua yake ilinifikia, ukurasa mmoja, yenye habari za mvua na za mpira. Hakuwahi kuniuliza nitapadrishwa lini. Angesikia kwamba nimetoka, nina hakika barua zingeendelea.

Mwalimu huyo amekwisha kutangulia mbele ya haki. Siku ya upadrisho wangu hakuwamo katika kamati yoyote, na picha yake siku hiyo sina. Barua ninazo.

Katika parokia yetu nawajua wanaume tisa waliopita seminari, ndogo au kuu, na pengine wako wengine wasiopenda kujulikana. Mafrateri wetu hawaruhusiwi kutumia simu kila wakati, lakini barua huzipokea. Anwani ya seminari yao nimeibandika kwenye ubao wa matangazo, kando ya mlango wa sakristia.