Kiswahili kiliingia kwenye kompyuta, kikakwama stesheni

Wadau, leo tuiache siasa ipumzike kidogo. Nataka tuongee habari ya Jambo OpenOffice. Najua wengi mtauliza, "hicho tena kidude gani?" Swali hilo hilo ndilo limenifanya niandike. Tulikuwa na programu ya ofisi kwa Kiswahili fasaha, ya bure, iliyotengenezwa Dar es Salaam, na leo ukimuuliza mwanafunzi wa kompyuta anakukodolea macho.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Miaka 30 baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu wa IT+46 ya Sweden kikatoa Jambo OpenOffice, katika mradi ulioitwa Kilinux. Msingi wake ulikuwa OpenOffice, programu iliyozaliwa Ujerumani kwa jina la StarOffice, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999, na mwaka 2000 msimbo wake ukawekwa wazi kwa dunia nzima. Kwa kuwa ulikuwa wazi, hapakuwa na haja ya kumpigia mtu magoti. Wataalamu wetu walikaa, wakabishana juu ya istilahi, wakatafsiri maelfu ya maneno, wakamaliza.

Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe bado.

Ngoja nitoe mfano wa kwetu. Mimi ni mtu wa Msangano, wilaya ya Momba, huku Songwe ambako zamani tulihesabiwa Mbeya. Mji wetu mkubwa ni Tunduma, na reli ya TAZARA inapita hapo kuelekea Zambia. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 na upana wa milimita 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, haizidi urefu wa kidole chako! Lakini kwa sababu yake behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine, ikabidi Kidatu pawe na kituo cha kuhamishia mizigo. Mzigo ni ule ule, nchi ni ile ile, ila lazima ushushwe na kupakiwa upya.

Programu za kompyuta nazo zina maisha hayo hayo. Mwenye Windows anataka faili la .exe alibonyeze, lijifungue lenyewe, limalize. Mwenye Linux ya ukoo wa Debian anataka kifurushi cha .deb, na mwenye ukoo wa Red Hat anataka .rpm. Vifurushi hivi vina adabu yake: vinataja ndani ni programu gani nyingine zinazohitajika, na zisipokuwepo, havikubali kuingia. Mwenye Mac wa enzi zile ndiyo kabisa, maana OpenOffice 1.1 haikufanya kazi kwake mpaka aweke kwanza X11. Kwa hiyo tafsiri moja inahitaji vifurushi kadhaa, na kila kimoja kijaribiwe peke yake. Jambo ilitolewa kwa Linux na Windows, na hiyo pekee ilikuwa kazi ya kutosha.

Halafu inafikaje kwa mtumiaji? Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa setilaiti na simu ya waya. Piga hesabu: faili la megabaiti 60 kwenye modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde linachukua zaidi ya saa mbili, hapo laini isikatike wala umeme usikatike. Nani wa Msangano angeweza? CD ndiyo ilikuwa lori letu. Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliyotoka Oktoba 2004, ililielewa hilo mapema ikawa inatuma CD bure kwa posta hadi mwaka 2011.

Microsoft nao hawakulala. Mwaka huo huo wa 2004 walitangaza kuwa watatafsiri bidhaa zao kwa Kiswahili, na tafsiri za Office 2003 na Windows XP zikaja kutoka. Wao walipita njia nyingine: faili dogo linalolaliwa juu ya Windows ya Kiingereza kama nguo juu ya mwili. Mahali nguo haikufika, Kiingereza kinachungulia. Lilikuwa la bure, ila Windows yenyewe unainunua.

Sasa Jambo ilikwama wapi? Kwa maoni yangu haikushindwa na lugha. Ilishindwa na stesheni. OpenOffice 2.0 ilitoka Oktoba 2005, miezi kumi tu baada ya Jambo. Kila toleo jipya linaleta maneno mapya, vifurushi vipya, majaribio mapya, CD mpya. Hiyo ni ajira ya kudumu, wakati mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga. Uzinduzi hupata kamera na wageni rasmi. Matengenezo hayana hata soda.

Lakini kuna kitu kimoja kilisalimika. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, alitengeneza kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili kwa ajili ya OpenOffice mwaka 2004. LibreOffice ilipojitenga na OpenOffice mwaka 2010, kamusi ile ilihamia huko. Jina la faili lake? sw_TZ. Mkenya katengeneza, bendera ya Tanzania! Kwa nini yenyewe imedumu? Kwa sababu iliwekwa ndani ya behewa la wenyewe. Kila wanapofungasha toleo jipya, iwe la Windows, Mac au Linux, nayo inasafiri bila kuomba lifti. Jambo ilikuwa na behewa lake peke yake, na dereva alipoondoka likabaki pale pale.

Siku hizi wapo waliotafuta dawa, kama Flatpak na Snap, ambazo hubeba programu pamoja na mahitaji yake yote ili kifurushi kimoja kiingie kwenye Linux za koo mbalimbali. Ni kama kontena. Ila hata kontena linahitaji mtu wa kulijaza.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosoma kompyuta vyuoni, msianze kila mara na mradi mpya wenye jina tamu na nembo. Nendeni LibreOffice, Kiswahili kimo kwenye orodha yao ya lugha, mkakiendeleze humo humo. Mtoto wa sekondari kule Msangano akifungua mashine na kukuta "Hifadhi" badala ya neno asilolijua, hatauliza nani aliyezindua. Au mimi ndiye sielewi? Karibuni mnikosoe.