Nywele za kope zinazoingia ndani ya jicho: njia mbili za operesheni na tofauti yao

Trakoma ni ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria iitwayo Chlamydia trachomatis. Unapita kwa vidole, vitambaa vya kupangusia uso, na inzi zinazotua ku macho ya watoto. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utoto, kope ya juu inabakia na makovu upande wa ndani. Makovu hayo yanavuta kope, kiisha nywele zake zinageukia ndani na kukwaruza konea, ni kusema kioo cha mbele cha jicho, kila mara mtu anapopepesa. Kioo hicho kikiharibika, mtu anapofuka. Kufuatana na Shirika la Afya Duniani (OMS), trakoma inapofusha wanawake hadi mara 4 kupita wanaume, sababu wao ndio wanakaa sana na watoto wadogo. Jirani wetu Burundi ilitangazwa na OMS mwaka 2025 kuwa imeshinda trakoma kama tatizo la afya ya wakaaji, Kongo bado.

Wengi wanangoa nywele hizo kwa pensi. Inapunguza maumivu, lakini kiisha wiki chache zinaota tena. Zikiwa nyingi, dawa ni operesheni. Inafanyika kwa sindano ya ganzi ku kope tu: mgonjwa halali usingizi, na anarudi nyumbani siku ileile.

Njia ya kwanza: kukata kope yote

Mpasuaji anakata kope toka ngozi ya inje mpaka ndani, milimita 3 hivi juu ya mstari wa nywele. Kisha anageuza ukingo wa kope uangalie inje na kuushona.

Njia ya pili: kukata upande wa ndani tu

Ni njia inayoitwa pia Trabut. Kope inapinduliwa, na mpasuaji anakata sehemu ngumu ya ndani peke yake. Ngozi ya inje haikatwe. Ukingo unageuzwa inje na kushonwa vilevile.

Ipi ni bora?

Shida kubwa ni nywele kurudia kuingia jichoni. Katika utafiti uliofanywa Ethiopia na kutangazwa mwaka 2016, wagonjwa 1000 waligawanywa kwa njia hizo mbili. Kiisha mwaka moja, nywele zilikuwa zimerudia kwa watu 22 juu ya 100 waliokatwa kope yote, na 13 juu ya 100 waliokatwa ndani tu. Ndiyo sababu njia ya pili inapendelewa. Hata hivyo, mkono wa mpasuaji una uzito wake: kata fupi ao nyuzi zilizolegea zinaharibu njia yoyote.

Dawa nayo inasaidia. Utafiti mwingine wa Ethiopia ulionyesha kwamba kumeza azitromisini kiisha operesheni kulipunguza kurudia kwa karibu sehemu moja juu ya tatu.

Mgonjwa ajue haya

Operesheni inaondoa mkwaruzo, lakini haifute kovu lililokwisha kuingia ku konea. Kwa hiyo kungoja kunaleta hasara. Kesho yake kitambaa kinatolewa; nyuzi zisizoyeyuka zinatolewa kati ya wiki 1 na 2. Randevu hizo zisikoswe. Na kama jicho linaanza tena kuchoma hata kiisha miezi, mtu arudi kupimwa: kope inaweza kufanyiwa operesheni mara ya pili.