Akiba Haiozi, Lakini ya Nani?

Kila mwezi Juni Dodoma hubadilika. Upepo wa kipupwe unapeperusha vumbi, gesti za Area C na Area D zinajaa, bodaboda wanapandisha nauli, na sisi waandishi tunabanana bungeni kusubiri hotuba ya bajeti. Mara ya kwanza nilipotumwa kuiripoti, jioni nilimpigia simu bibi yangu kijijini, upande wa Bahi. Baada ya salamu zetu za mbukwenyi, nikamweleza nilichosikia: mapato, matumizi, mikopo ya ndani, mikopo ya nje. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa mjukuu wangu, na kihengeni wamebakiza nini?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kizee. Miaka ilivyokwenda, na nilivyoanza kusoma historia ya mkoa huu, nimegundua lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia siku ile, ya wabunge pamoja nayo.

Wagogo wana majina ya njaa kama watu wengine walivyo na majina ya wafalme. Kubwa kuliko zote inaitwa Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Ukisoma juu juu utaambiwa sababu yake ni ukame. Lakini ukame Ugogo si mgeni, na watu walikuwa wamejipanga: uwele ambao ukihifadhiwa vizuri unakaa miaka, na ng'ombe wa kubadilishana na nafaka mvua zikikataa. Ng'ombe ndiye alikuwa benki. Kisha majeshi ya Wajerumani yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakachukua. Mvua zilipogoma, kihenge kilikuwa kitupu tayari, na baada ya hapo ikaja homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Watu wengi sana walikufa. Waliokufa walikuwa wameweka akiba. Akiba yao ililiwa na serikali mbili zilizokuwa zinapigana kwa mambo ya Ulaya.

Hapo ndipo methali yetu ya akiba haiozi inaponitatiza. Kuoza haiozi, sawa. Inahamishwa.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahame kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma. Suala lilipelekwa kwenye matawi ya chama: kati ya matawi 1,859, matawi 1,017 yalikubali na 842 yakakataa. Watu husahau kwamba waliokataa walikuwa wengi kiasi hicho. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tuliyoizoea kwa jina la CDA, wakaja wapangaji miji kutoka Toronto, ikasemwa kazi ni ya miaka 10. Mwaka ule ule vita vya Mashariki ya Kati vikapaisha bei ya mafuta, ikafika karibu mara nne ndani ya miezi michache. Mavuno yakawa mabaya, nchi ikatumia fedha za kigeni kununua chakula nje. Huku nyuma operesheni ya vijiji inahamisha watu kwa mamilioni (wasomaji wa Kezilahabi mnaijua hali hiyo kupitia Gamba la Nyoka). Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera.

Je, Nyerere angesimamisha Dodoma? Wapo waliosema wazi kwamba kujenga mji mpya huku nchi haina sabuni ni anasa. Yeye hakusimamisha, ila hakuwa na fedha za kuendeleza pia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ghali kuliko zote. Ofisi zikagawanyika: waziri Dar, makao makuu Dodoma, mafaili barabarani, mafuta yanaungua. Nani aliwahi kupiga hesabu ya safari hizo?

Baada ya vita vya Kagera wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wakiitaja ile miezi 18 hucheka kicheko kisicho na raha. Mwaka 1979 Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Nyerere kuhusu masharti ya IMF. Mtei aliona hakuna njia bila kupunguza matumizi na thamani ya shilingi. Nyerere aliona masharti hayo yangeangukia shule na zahanati. Nikiwasoma leo, siwezi kumtukana yeyote kati yao. Mwaka 1986, chini ya Mwinyi, tulisaini. Dola iliyokuwa kwenye shilingi 17 hivi ikapanda kufika 40 na zaidi. Maduka yakajaa bidhaa, na zahanati zikaanza kukosa dawa. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli, na kijijini kwetu vilifika vyote viwili.

Halafu ikaja Novemba 2015. Magufuli alipozindua Bunge hapa Dodoma, fedha za hafla ya wabunge, zaidi ya shilingi milioni 200, alielekeza zikanunue vitanda vya Muhimbili. Sherehe za Desemba 9 zikafutwa, tukafanya usafi. Nilishangilia, sitadanganya. Kisha semina za kwenye mahoteli zikazuiwa, nikaanza kusikia upande wa pili: mwenye gesti amepunguza wahudumu, mama lishe anarudi na sufuria lenye chakula, na hata sisi waandishi, tuseme ukweli, posho za semina zilitukauka. Keynes aliandika juu ya jambo hili mwaka 1936, kwamba matumizi ya mmoja ni kipato cha mwingine, na wote wakibana pamoja, wote wanakonda. Mama lishe wa Majengo alinieleza vilevile bila kitabu.

Lakini Julai 2016 mtu huyo huyo akatangaza hapa hapa kwamba serikali yote inahamia Dodoma. Chai ya maofisa ilikatwa, mji ukajengwa. CDA ikavunjwa 2017, Mtumba pakaota wizara, Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa 2023. Vitanda na chai vilipata vichwa vya habari, na mimi niliviandika. Fedha kubwa, za mji na reli, tulizijadili kidogo mno.

Juni iliyopita nilikwenda Bahi baada ya bajeti. Bibi hawezi tena kwenda shambani. Nilipoingia kwenye tembe nilimkuta anapepeta uwele wa mwaka juzi, akitenga punje zilizotobolewa na wadudu. Hakuuliza habari za Bunge. Alinipa ungo, akasema nimsaidie kabla jua halijazama, kwa sababu huu ni wa mbegu, na mtu asije akaupika.