Tabora kabla ya Livingstone

Kuna wenye ugonjwa wa mpira, kuna wenye ugonjwa wa muziki. Wangu mimi ni historia. Nionyeshe kigae cha chungu kilicholala ardhini miaka elfu moja, nitasahau hata kula. Misri ya mafarao, Meroe, Aksum, Kilwa ya masultani, Zimbabwe ya mawe, zote hizo nazisoma na sichoki. Mtu akiniuliza zinanisaidia nini, sina jibu la kumridhisha. Napenda kujua tu. Na ninachopenda zaidi ni kujua watu wa kawaida walikuwa wanafanya kazi gani wakati wafalme wanajijengea makaburi.

Basi leo tuje nyumbani. Tabora.

Mtajie kijana wa Dar es Salaam neno Tabora, atakuambia asali, maembe, na shule aliyosoma Mwalimu Nyerere. Ukimbana kidogo atakumbuka vitabu vya shule: Livingstone, Stanley, Waarabu na minyororo. Ukifuata vitabu hivyo, Mnyamwezi yupo pale kubebeshwa mzigo tu. Jina lake halipo, mshahara wake haupo, na hakuna anayeuliza barabara aliyokuwa anapita ilichongwa na nani.

Hebu tuanzie Uvinza. Ukipanda treni kutoka Tabora kwenda Kigoma utapita hapo, si mbali na mto Malagarasi. Kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wanahistoria John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale, wakakuta ushahidi kwamba watu walikuwa wanachemsha maji hayo kupata chumvi tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Yaani kabla Mtume Muhammad hajaanza kuhubiri Makka, kuna mtu Uvinza alikuwa anachochea kuni chini ya chungu akisubiri maji yakauke!

Chumvi ya namna hiyo haikai mahali pamoja. Watu walikuja kiangazi kutoka mbali, wakaibeba kwenda kwao. Kutoka kaskazini yalikuja majembe ya chuma, kutoka upande wa Katanga ikaja shaba. Njia za miguu zikaunganishwa, kijiji kwa kijiji. Kwa hiyo pembe za ndovu zilipopanda bei pwani, njia ilikuwepo tayari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikwishafika Bahari ya Hindi kwa miguu yao. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Wahindi, ndio waliokuja kuingia bara nyuma yao.

Ni mwendo wa kilometa 800 na zaidi, Bagamoyo hadi Tabora, na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, mtu wa kuheshimiwa, maana ndiye aliyejua maji yako wapi na njia ipi ina vita. Wapagazi walipatana ujira kabla ya kuondoka, wakalipwa kwa merikani, kaniki na shanga. (Merikani ni kitambaa cha pamba kilichoitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani. Utandawazi haukuanza na simu za mkononi.) Wengi walisafiri baada ya mavuno na kurudi kulima mvua zikikaribia. Wakionewa waligoma, wanatua mizigo chini na hakuna anayetembea, na Wazungu wameandika kurasa nyingi kwa hasira juu ya jambo hilo. Mwanahistoria Stephen Rockel ametoa kitabu kizima kuhusu watu hawa mwaka 2006, na hoja yake kubwa ni kwamba wengi wao walikuwa wafanyakazi huru wenye ujuzi na desturi za kazi yao. Wanawake nao walikuwemo misafarani.

Wengine walikwenda magharibi wasirudi. Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, alijijengea dola Katanga na makao makuu yake Bunkeya, hadi alipopigwa risasi na watu wa Mfalme Leopold mwezi Desemba 1891. Godefroid Munongo, yule waziri wa Tshombe miaka ya 1960, ni wa ukoo huohuo.

Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Walikuta mji, nyumba za tembe, bustani, na mwenyeji aliyewapokea vizuri, Snay bin Amir. Ni wafanyabiashara wa hapo waliowaeleza kuhusu ziwa kubwa la kaskazini. Mwaka uliofuata Speke akaenda huko, akalipa jina la Malkia Victoria, na tunafundishwa kwamba alilivumbua. Mtu akielekezwa njia hadi mlangoni kwako, anaweza kusema ameivumbua nyumba yako?

Na msidhani wenyeji walikaa tu kutazama. Mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sere, alipotaka kuwatoza ushuru Waarabu, walimpindua mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Akapigana miaka mitano hadi akauawa. Kisha akaja Mirambo wa Urambo na jeshi lake la rugaruga. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, akaupiga mji wa Tabora wenyewe mwezi Agosti. Stanley aliyekuwa upande wa Waarabu alikimbia kama wenzake, ikabidi azunguke kusini kumfuata Livingstone. Walichokuwa wanagombania ni nani mwenye haki ya kutoza hongo. Siku hizo hongo lilikuwa neno safi kabisa, maana yake ushuru wa njia anaolipwa mtawala. Lilivyokuja kuwa jina la rushwa, hiyo nayo ni historia! Wa mwisho alikuwa Isike, aliyewakatalia Wajerumani. Januari 1893 ngome yake ilipovamiwa, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani.

Sasa kuna jambo gumu, na sitalizunguka. Minyororo ilikuwepo kweli. Waliopita njia hii kama bidhaa walikuwepo, na baadhi ya Wanyamwezi waliopata mali kwa pembe waliitumia kununua watumwa wa kuwalimia mashamba nyumbani. Anayetaka historia ya kujisifu tu aitafute kwingine. Lakini katika msafara mmoja mpagazi wa kulipwa na mtumwa waliweza kutembea pamoja, na tukiwaita wote watumwa tunamnyang'anya mmoja ujira wake na mwingine kilio chake.

Ndiyo maana lile jina linanikera. Mwaka 2006 serikali yetu iliiandikisha njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO, maeneo yanayosubiri kufikiriwa kuwa urithi wa dunia. Nafurahi iliandikishwa. Lakini iliandikwa kama njia ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu, na vituo vyake ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara ndiko liliko tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Waliwasili Agosti, na chini ya mwaka mmoja baadaye alikufa. Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake wakipita tena hapohapo hadi Bagamoyo.

Uvinza haimo katika vile sita. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914 iliwaondolea wapagazi kazi yao ya karne nzima, lakini Wajerumani hawakuhangaika sana kutafuta pa kuipitisha. Kwa sehemu kubwa walifuata palepale walipopita watu wa chumvi.