Nyumba zinazotumia kawi kidogo: Gharama na kaboni yake

KATIKA mataifa yenye majira ya baridi kali, sehemu kubwa ya kawi inayotumika nyumbani huishia kupasha vyumba joto. Nyumba inayosimama peke yake kwenye ploti ndiyo hupoteza joto jingi zaidi, kwa kuwa kuta zake zote hupigwa na upepo, tofauti na nyumba zilizoungana ambazo hukingana.

Mojawapo ya nyumba za kwanza kukabili tatizo hilo ni Saskatchewan Conservation House, iliyojengwa mwaka wa 1977 mjini Regina, Canada. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya kufuatia mzozo wa 1973, na wakuu wa mkoa wa Saskatchewan walitaka nyumba ya mfano itakayotegemea miale ya jua.

Wahandisi, akiwemo Harold Orr, walitambua kuwa siku za baridi mjini humo ni fupi mno, ilhali kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sufuri. Wakaamua kwamba heri kuzuia joto lisitoke kuliko kutafuta jingine.

Kuta zilijengwa kwa unene wa takriban sentimita 30 na kujazwa vizuizi vya joto. Mianya yote ilizibwa. Kwa vile nyumba isiyopitisha hewa huingiwa na unyevu, uliwekwa mtambo ambamo hewa chafu inayotoka huiachia joto lake hewa safi inayoingia. Nyumba hiyo haikuhitaji tanuri la kawaida. Mitambo yake ya sola, iliyokuwa ghali na yenye matatizo, iliondolewa baadaye.

Mwaka wa 1988, Wolfgang Feist wa Ujerumani na Bo Adamson wa Sweden walianza kubuni kiwango kinachoitwa Passivhaus. Kiwango hicho kinaruhusu uniti 15 pekee za kawi ya kupasha joto kwa kila mita mraba kwa mwaka. Uniti moja ni sawa na kilowati moja kwa saa moja.

Chukua nyumba ya mita mraba 150. Kwa kiwango hicho itahitaji uniti 2,250 kwa mwaka. Nyumba kuukuu ya ukubwa uo huo, isiyo na vizuizi, yaweza kutumia uniti 200 kwa kila mita mraba, yaani 30,000. Ikiwa zote zinatumia gesi, ambayo hutoa takriban kilo 0.2 za hewa ya kaboni kwa kila uniti, ya kwanza itatoa kilo 450 na ya pili tani sita.

Hata hivyo, anayejenga leo hapaswi kujilinganisha na nyumba kuukuu. Tuseme nyumba mpya ya kawaida hutumia uniti 50 kwa kila mita mraba, yaani 7,500. Akiba basi ni uniti 5,250. Gesi ikiuzwa senti 10 za Euro kwa uniti, mwenye nyumba ataokoa Euro 525 kwa mwaka. Ikiwa madirisha ya vioo vitatu, vizuizi na mtambo wa hewa vilimwongezea gharama ya Euro 20,000, atarejesha fedha zake baada ya miaka 38, bila kuhesabu riba. Bei ya kawi ikipanda mara mbili, muda huo hupungua kwa nusu.

Vilevile, kuna kaboni ya ujenzi wenyewe. Saruji hutoa hewa hiyo mara mbili: kupitia fueli inayochomwa na kupitia mawe ya chokaa yanayogeuka tanurini. Kadiri nyumba inavyotumia kawi kidogo, ndivyo sehemu ya kaboni inayotokana na ujenzi inavyokuwa kubwa. Mbao na vizuizi vilivyotengenezwa kwa karatasi kuukuu hupunguza mzigo huo. Nyumba kubwa kupita kiasi, au iliyo mbali na kazini hivi kwamba mwenyewe lazima aendeshe gari kila siku, huweza kufuta faida yote.

Humu nchini, ni nyumba chache zinazopashwa joto, na umeme mwingi hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kwa hivyo, Mkenya anayejenga atapunguza kaboni zaidi kwa kuchunga saruji na chuma anachonunua. Pwani, ambako shida ni joto, nyumba za kale za Lamu zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na ua wa ndani zingali somo.