Horace King: mutumwa aliyejenga vilalo, kisha akaingia bungeni

Horace King alikuwa fundi wa vilalo na mbunge katika kusini mwa Marekani. Alizaliwa mwaka wa 1807 katika jimbo la South Carolina, akiwa mutumwa. Wazazi wake wa zamani walikuwa Waafrika, Wazungu na Wakatawba, wenyeji wa inchi ile mbele Wazungu wafike.

Fundi

Karibu mwaka wa 1830 alinunuliwa na mujenzi John Godwin. Mwaka wa 1832 walihamia kwenye muto Chattahoochee, kati ya Georgia na Alabama, ili kujenga kilalo cha muji wa Columbus. Vilalo vyao vilikuwa vya miti: mbao zinapishana kama wavu, zinafungwa kwa vigingi vya mti, kisha juu panawekwa paa ili mvua isiozeshe mbao. King ndiye aliongoza watumwa wenzake katika kazi hiyo.

Mali ya mutu

Lakini kwa sheria, fundi huyu alikuwa mali. Bwana akishindwa kulipa, wadai wangeweza kumukamata King na kumuuzisha sawa vile ng'ombe. Na Godwin kweli aliingia katika madeni. Mwaka wa 1846 King akapewa uhuru. Hata hivyo, sheria ya Alabama ilitaka mutumwa aliyeachiliwa atoke katika jimbo. Ilibidi bunge lipige sheria ya pekee ili abakie. Seneta Robert Jemison, aliyekuwa akimupatia kazi, alisaidia. Godwin alipokufa mwaka wa 1859, King ndiye alimuwekea jiwe la kaburi.

Vita

Vita ya ndani ilianza mwaka wa 1861. Upande wa Kusini, uliopigania utumwa uendelee, ulimulazimisha King kuufanyia kazi. Mwaka wa 1865, vita ikiwa karibu kuisha, vilalo vya Columbus viliungua. Miaka ya jasho ikawa majivu. King akaanza tena kujenga.

Bungeni

Nyuma ya vita, wanaume weusi walipata haki ya kupiga kura. Mwaka wa 1868 King alichaguliwa mbunge wa Russell County, Alabama. Hakufanya kampeni, na alichelewa kwenda kukaa katika kiti chake, maana kazi ya vilalo ilikuwa nyingi. Mwaka wa 1870 akachaguliwa tena. Hivi, bunge lililokata kama anaweza kuishi Alabama ao hapana, sasa yeye mwenyewe alikuwa anakata sheria ndani yake.

Alichoacha

Kisha alihamia LaGrange, Georgia, na huko alikufa mwaka wa 1885. Watoto wake waliendelesha kazi ya vilalo. Vingi vya vile alijenga vimekwisha kupotea, lakini kimoja kinachosemwa kuwa chake kingali kimesimama huko Georgia, juu ya kijito Red Oak.